Vipimo vya Saa Tisa

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mti kugonga mti: mchi ukipiga ukingo wa kinu badala ya kuingia ndani. Nilikuwa chumbani, mlango wazi, nikisahihisha jedwali la sura ya tatu ya tasnifu yangu, na mama alikuwa barazani akitwanga tende kwa ufuta, kwa ajili ya ladu, vile vitonge vitamu, alizoagizwa na madrasa ya mtaani kwetu. Katika miaka yote niliyoishi kwenye nyumba ile, upande wa Msambweni, sikuwahi kusikia mchi wa mama ukikosa kinu. Alizoea kutwanga huku akisalimiana na wapita njia, huku akimfukuza kuku kwa mguu, na mchi ukajua wenyewe pa kushukia. Siku hiyo uligonga ukingo mara moja, nikanyanyua kichwa. Ukagonga mara ya pili. Mara ya tatu nikausikia ukianguka sakafuni na kubingirika hadi ukutani.

Nilitoka. Mama alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake, ameinamia kinu. Jasho lilikuwa limeulowesha mtandio wake hadi mabegani, ingawa baraza ilikuwa na kivuli na upepo.

"Mama, una nini?"

"Leo arusi ni ya nani?" aliniuliza.

"Hakuna arusi, mama. Ladu ni za madrasa."

"Ah." Alitikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo. Kisha mkono wake ukanyooka kuelekea sinia la tende alizokwisha kuzitoa kokwa. "Nipe moja. Moja tu, mwanangu."

Nitaeleza nilichofanya kwa mfuatano wake, bila kuongeza wala kupunguza. Nilivuta sinia, nikaingia nalo ndani, nikaliweka juu ya kabati. Nilirudi na mashine ya kupimia sukari. Nilikipangusa kidole chake cha shahada kwa kitambaa, nikakipaka spiriti kwa pamba, nikasubiri kikauke, nikachoma, nikaligusisha tone la damu kwenye stripu, kile kijiti cha kupimia. Mashine ilitoa kumi na saba nukta sita. Nilimgeuzia kioo cha mashine aione namba.

"Unaona? Kumi na saba. Na bado unataka tende."

Aliitazama mashine kwa muda mrefu. "Sioni vizuri," alisema. "Moja tu."

Nikampa maji ya kunywa, glasi nzima, kwa sababu ndivyo nilivyosoma kwamba hufanywa sukari inapopanda. Aliyanywa yote, maana mama hakuwahi kukataa kitu alichopewa kwa mikono miwili. Baada ya hapo alitelemka kutoka kwenye kigoda, taratibu, ubavu wa kulia ukitangulia.

Mama alikuwa na kisukari tangu nilipokuwa kidato cha pili. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulikuwa kama mgeni wa nyumbani ambaye watu wamemzoea: ulikuwa na dawa zake, na chai isiyo na sukari, na safari ya kliniki kila baada ya miezi mitatu. Baadaye vidonge vilishindwa, akaanza kujidunga insulini. Nilipomaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili na kurudi nyumbani kuandika, kliniki ilikuwa imeanza kudai vipimo vya aina mbili, cha alfajiri kabla ya kula na cha baada ya chakula cha mchana. Muuguzi alitueleza kwamba sukari ya alfajiri yaweza kuonekana tulivu kabisa, ilhali baada ya mlo inaruka juu halafu inashuka bila mtu kuhisi chochote, na kwamba mruko huo, ukijirudia, huharibu macho na figo kimyakimya.

"Hesabuni saa mbili tangu tonge la kwanza," alisema. "Si tangu la mwisho."

Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa na usahihi ambao niliutamani katika mambo yote ya nyumbani kwetu. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula, nikagawa safu nne: tarehe, saa ya tonge la kwanza, saa ya kupima, namba. Mama alikula chakula cha mchana saa saba, mara tu baada ya swala ya adhuhuri. Kwa hiyo saa tisa kamili simu yangu ililia, naye akaitikia kutoka barazani, "Nimesikia, askari."

Kati ya saa saba na saa tisa alifanya kazi ya tende. Alizinunua kwa mzigo, akazilainisha kwa mvuke, akazipasua moja moja kwa kidole gumba na kutoa kokwa. Vidole vyake vilinata muda wote huo. Alikuwa akisema kwamba kazi nyingine zinaacha harufu mikononi, lakini ya tende inaacha wivu, kwa sababu mtu mwenye kisukari anashinda akishika kitu ambacho hawezi kukitia mdomoni.

Mwanzoni alikuwa akipima baada ya kutawadha kwa ajili ya alasiri, dakika chache au nyingi baada ya saa tisa, kwa kadiri alivyoona. Siku moja nilimkuta mikono ikiwa bado na maji. Alichoma kidole, damu ikasambaa juu ya ngozi iliyolowa, nyepesi, ya rangi ya waridi.

"Hapana, mama. Maji yanaichuja damu. Namba inatoka pungufu. Kuanzia leo usinawe kabla ya kupima. Tumia pamba na spiriti peke yake."

"Hata mimi nilikuwa nikisumbuka," alisema. "Nikichoma baada ya udhu, damu inaniingia kwenye leso ya kuswalia. Heri nipime kwanza, ndipo nitawadhe, nisimame nikiwa safi."

Tukaafikiana hivyo, kila mmoja kwa sababu yake. Kisha akainua vidole vyake kumi, vyeusi kwa utomvu wa tende, akanionyesha.

"Na utamu huu je?"

"Spiriti inasafisha kila kitu, mama."

"Haya. Msomi ni wewe."

Nimeyapitia mazungumzo hayo mara nyingi kuliko kurasa zozote nilizowahi kuandika. Ningeweza kumwambia anawe kwa sabuni kisha ajikaushe vizuri. Maneno matatu au manne zaidi. Nilikuwa nimelitambua kosa la kweli, maana kidole chenye maji kweli hupotosha kipimo, na furaha ya kuligundua kosa hilo ilinizuia kuuona ukubwa wa lile nililolianzisha.

Namba zikaanza kubadilika. Za alfajiri zilibaki sita, sita na nusu, saba. Za saa tisa, ambazo zilikuwa tisa au kumi, zikapanda kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na moja nukta mbili. Nilichora mchoro wa mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, nikaubandika ukutani juu ya meza yangu. Mstari mwekundu ulikuwa na mabonde yaliyojirudia kila baada ya siku saba. Nilihesabu, nikaona kwamba mabonde hayo yote ni ya Ijumaa.

Mtu yeyote aliyeishi katika nyumba ile angejua kwamba Ijumaa mama hakushika tende. Siku hiyo aliitenga kwa darsa ya akina mama, akarudi akiwa amejifukiza udi, akala, akapumzika. Nami nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua swali langu ni lipi, na kila jibu liliingia katika swali hilo: mama anakula tende kwa siri, na Ijumaa anaona haya mbele ya Mwenyezi Mungu. Niliuona ufafanuzi huo kuwa wa kina. Nakumbuka hata nilihisi huruma.

"Mama, umekula tende leo?"

"Sikula."

"Hata moja?"

"Hata nusu. Nikila nitakuambia. Nakuogopa wewe?"

"Mashine inasema ishirini na moja."

"Basi iulize mashine imekula nini," alisema, na akacheka. Sikucheka naye. Nilimwambia kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Aliacha kucheka. Alichukua tende nyingine, akaipasua, akatoa kokwa, akaitupa kwenye kopo.

Baada ya wiki mbili nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimpigia simu mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye ana duka la leso huko Kombani na ulimi unaosikika hadi kituo cha magari. Nilimwambia kwa masikitiko kwamba mama anakula tende kwa siri na ananificha. Alishika gari siku iliyofuata, akaja kumsuta dada yake barazani, mbele ya wanunuzi wawili wa ladu. "Mtu mzima na nywele nyeupe, unaiba tende kama mtoto wa chuoni?" Mama alimjibu neno moja tu, "Sikuiba," kisha akainuka kwenda kumwandalia chai.

La pili, niliipelekea kliniki daftari langu. Daktari aliligeuza kurasa kwa heshima. Alisema laiti wagonjwa wote wangekuwa na binti kama mimi. Kwa namba zile hakuwa na namna nyingine ila kuiongeza insulini ya mchana, akaiongeza. Nami, kwa hiari yangu, nikapunguza wali kwenye sahani ya mama, kutoka pawa mbili hadi upawa mmoja.

Siku ya tano baada ya hapo ndipo nilipousikia mchi ukigonga ukingo.

Jirani alituchukua kwa tuktuk yake hadi hospitali. Nilimpakata mama kichwa. Njiani nilikuwa nikihesabu dakika, kwa sababu kuhesabu ndiko nilikokuwa nako, na tangu nilipoliweka sinia juu ya kabati hadi tulipofika zilikuwa dakika hamsini na mbili. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka.

"Sukari?"

"Imepanda," nilisema. "Kumi na saba nukta sita."

Alimshika mama mkono, akakiinua kidole karibu na uso wake, akanusa. Bila kusema kitu alichukua pamba, akailowesha kwa maji ya sabuni, akaosha kidole, akakisuuza, akakikausha kwa makini kama anayekausha kikombe cha kaure. Akachoma. Aliisoma namba, akaita jina la mwenzake kwa sauti ambayo sijaisahau.

Moja nukta tisa.

Walimtia glukosi kwenye mshipa. Baada ya muda ambao sikuuhesabu, mama alifumbua macho, akatazama dari, akatazama dripu, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula.

Mama alirudi, ila hakurudi mzima. Maneno yake sasa yanachelewa, kama mtu anayepokea simu kutoka nchi ya mbali, na mkono wa kulia haukazi kitu. Mchi haukai kwenye kiganja chake. Daktari aliipunguza insulini, akasema ubongo ulikaa muda mrefu bila sukari, na kwamba nguvu huenda zikarudi, huenda zisirudi. Sikumwuliza ni muda gani unaohesabiwa kuwa mrefu. Nilikuwa nayo ile hamsini na mbili mfukoni mwangu kama jiwe.

Sikumwambia mtu yeyote kuhusu sinia. Muuguzi sikumwuliza kwa nini alikinusa kidole, na daktari alifikiri nilidanganywa na mashine mbovu. Mama mdogo alifikiri tende ndizo zilizomwangusha dada yake, akatoa hukumu palepale kitandani kwamba mgonjwa atahamia Kombani, ambako atachungwa. Mama alipakiwa na begi lake, mkeka wake wa kuswalia na daftari langu. Naam, daftari nalo lilipelekwa, kama shahidi. Kabla ya kuondoka alikishika kinu kwa mkono wa kushoto, akakisukuma chini ya kitanda changu.

"Kisiliwe na mchwa," alisema.

Nikabaki peke yangu na dhana tatu. Dhana ya kwanza: mashine ilikuwa na hitilafu. Dhana ya pili: sukari ilikuwa kumi na saba kweli, ikashuka njiani kwa sababu ya insulini. Dhana ya tatu sikuiandika. Nilikaa na zile mbili kwa karibu mwezi mmoja na nusu. Nilisoma makala. Nililiweka kopo la stripu kwenye mwanga kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, nikaikuta bado mbali. Mtu asiye na elimu angekwisha kuutambua ukweli asubuhi ya pili, kwa sababu asingekuwa na mahali pa kuuficha.

Tasnifu yangu inahusu mwani wanaoulima wanawake wa Kibuyuni: jinsi uzito wake unavyopungua kutoka kwenye maji hadi kwenye chanja za kukaushia. Nilirudi huko kumalizia vipimo. Mizani yangu niliikagua kila asubuhi kwa jiwe la kilo moja kabla ya kupima chochote. Siku ya pili alikuja mama mmoja mtu mzima, ndoo kichwani, akataka kuumwaga mwani wake juu ya mizani moja kwa moja kutoka ufukoni.

"Shikamoo, mama. Usuuze kwanza," nilimwambia. "Una mchanga. Mchanga nao una uzito."

"Marahaba. Mchanga kidogo huu?"

"Mizani haijui kipi mwani na kipi mchanga. Inasoma kilicho juu yake."

Alitua ndoo, akanitazama. "Mbona umeganda, mwanangu? Umeona jini?"

Nilimsaidia kuusuuza mwani. Nilikuwa nimeyasema maneno yale kwa wanawake wa Kibuyuni tangu mwaka uliotangulia, kila siku ya kupima, na nyumbani kwetu nilimkataza mama kunawa.

Jioni ile, njiani kurudi nyumbani, nilinunua tende robo kilo. Mimi sina kisukari. Niliketi kwenye kigoda cha mama, nikapasua tende kumi na mbili na kutoa kokwa. Nikajipangusa kwa kitambaa, nikapaka spiriti kwa pamba, nikasubiri ikauke, nikachoma. Kumi na nane nukta tatu. Nikaenda bombani, nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, nikachoma kidole kilekile upande mwingine. Tano nukta moja. Nilirudia mara tatu, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa, na mara ya tatu sikuwa tena nikitafuta ukweli, nilikuwa nikijichoma tu.

Hakula. Hata nusu. Alikuwa amesema kweli siku zote, na mimi nilikuwa nimeichukua kweli yake, nikaipaka rangi nyekundu, nikaibandika ukutani.

Mtu atauliza kwa nini sikupiga simu usiku huohuo. Nami nimejiuliza. Niliandika nitakachosema, niliandika mara nne. Katika andiko la kwanza nilieleza jinsi mashine inavyofanya kazi. Katika la pili niliomba radhi tangu mstari wa kwanza, nikaona nimetanguliza haja yangu ya kusamehewa mbele ya haki yake ya kusafishwa. Katika la tatu nililificha sinia. Na kulikuwa na jambo jingine lililonifunga mdomo: sikujua kama analikumbuka. Kama hakumbuki kwamba aliniomba tende nami nikamnyima, je, nina ruhusa ya kumpa kumbukumbu hiyo? Au nilitaka tu asiipate? Swali hilo lilinitosha kwa siku kumi.

Wakati huo mama aliishi Kombani kama mtu aliye chini ya ulinzi. Mama mdogo alinipa habari zake kwa fahari. Kabati la sukari lina kufuli. Wajukuu wameambiwa wasimwachie bibi biskuti. Akitoka kwenda kwa jirani, jirani naye amekwisha kuonywa. "Hana ujanja hapa," alisema. "Anakaa tu, ananitazama."

Siku moja kabla ya Ramadhani simu yangu ililia, na ilikuwa sauti ya mama, polepole, kila neno likitafutiwa mahali pake. Kwetu watu husafishana nyoyo kabla ya kufunga. Huombana msamaha kwa yale yanayojulikana na yasiyojulikana. Kwa kawaida mtoto ndiye huanza.

"Nimekupigia," alisema, "kama kuna kitu nilikukosea. Unisamehe. Mwezi unaingia."

Karatasi yenye andiko la nne ilikuwa mezani mbele yangu.

"Nimekusamehe, mama," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema, na akakata simu kwa shida, kwa maana nilimsikia akitafuta kitufe.

Sijawahi kusema sentensi mbaya kuliko ile. Nilimsamehe.

Jioni ya siku ya kwanza ya mfungo, muda mfupi baada ya magharibi, mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa mchangamfu, nyuma yake vikombe viligongana. Mama hafungi, daktari alimkataza, ila alikuwa ameketi mkekani pamoja na wageni. "Nataka ujue tunavyomchunga mamako," ujumbe ulisema. "Sinia la tende limezunguka, kila mtu moja moja ya kufuturia. Lilipofika kwake nikalipitisha juu ya kichwa chake. Mgeni mmoja akauliza, mbona mzee hapewi? Nikamwambia, huyu wetu, tende na yeye ni kesi. Watu wamecheka. Usiwe na wasiwasi."

Niliusikiliza mara moja tu. Nikaliona lile sinia likipita juu, na macho ya mama yakilifuata. Sikuifungua karatasi. Nikapiga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umefuturu? Umepata ujumbe wangu?"

"Nimeupata. Wageni bado wapo?"

"Wapo, wanakula mkate wa sinia. Kwani vipi?"

"Naomba uweke spika. Na uisogeze simu karibu na mama."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Weka spika, tafadhali."

Nilisikia mkeka ukikwaruza, mtoto akinyamazishwa, kisha ukumbi mzima ukaingia sikioni mwangu.

"Mama hakuwa akila tende," nilisema. "Hakula hata siku moja. Utamu ulikuwa kwenye vidole vyake, kwa sababu ya kazi, na mimi ndiye niliyemkataza kunawa kabla ya kupima. Mashine ilikuwa ikipima tende za mikononi. Nimejaribu kwa vidole vyangu mwenyewe, nikapata namba zilezile. Nilimsingizia, nikakuambia wewe, nikamwambia daktari, akaongezewa dawa asiyoihitaji. Dawa hiyo ndiyo iliyomwangusha. Na siku ile aliniomba tende moja, ambayo ingemwokoa, nikamnyima. Nikaliweka sinia juu ya kabati."

Kijiko kiliwekwa chini mahali fulani.

"Unasema nini wewe?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mwache," mama alisema. "Ameshasema." Kisha sauti yake ikasogea karibu, nikamsikia akipumua. "Nilikuambia sikula."

"Uliniambia, mama."

"Hata nusu."

"Hata nusu."

"Lile sinia nalikumbuka," alisema. Maneno yalikuja moja moja, nami nikayangoja yote. "Ulilinyanyua kama mtu anayemwondolea paka samaki."

Nilikuwa nimeketi sakafuni kando ya kitanda changu, mgongo ukiegemea kinu chake, nilichokuwa nimekivuta kutoka chini. Nilimwambia, "Uniwie radhi, mama."

Nikimngoja, nilielewa kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nilipopiga ule mstari mwekundu sikuwa na dhana yoyote juu ya kitakachofuata.

"Radhi unayo," alisema hatimaye. "Lakini hebu yarudie yale ya mwanzo. Polepole. Huyu mdogo wangu alikuwa akitafuna, hakusikia vizuri."

Nikayarudia.